Ramani ya mfano imefika, kiwanja kinaikataa: je, nitie saini?

Binti_wa_Msangamkuu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mbunifu majengo katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Mtwara. Nilisajiliwa na Bodi ya wabunifu majengo mwaka jana, na huu ndio mradi wa kwanza ambao mchoro wake wa kiwanja utabeba jina langu.

Tunajenga kituo cha afya katika kijiji cha mwambao kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani halmashauri inasimamia ujenzi yenyewe kwa mafundi wa kawaida, bila mkandarasi. Ramani ni ya mfano, imeletwa kutoka juu pamoja na makadirio yake, na sina ugomvi nayo. Shida ni namna ilivyolazwa kiwanjani. Kiwanja ni chembamba, kirefu kutoka kaskazini kwenda kusini. Barabara ipo magharibi, na ardhi inateremka taratibu kuelekea mashariki, baharini. Kwa kuwa kila mtu anataka majengo yatazame barabara, jengo la wagonjwa wa nje na wodi ya wazazi yameelekezwa magharibi yote mawili, na madirisha makubwa yatapokea jua la alasiri bila kizuizi chochote.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye zahanati iliyolazwa vivyo hivyo, nikaketi pale saa tisa alasiri. Muuguzi alikuwa amepachika kanga mbili dirishani kwa misumari, zimepauka hadi maandishi hayasomeki, na kitanda kilichokuwa karibu na dirisha kilikuwa kimesukumwa katikati ya chumba, kikaziba njia. Mama mmoja aliyejifungua usiku alikuwa amelala sakafuni, upande wa ukuta wa mashariki, kwa sababu sakafu ilikuwa na ubaridi kuliko godoro.

Nilipomweleza mkuu wangu wa idara, alinijibu kwa upole kwamba ramani ya mfano haiguswi, kwamba vigingi vimeshapigwa, na kwamba fedha zisipotumika kabla ya Juni 30 tutakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kazi ya saiti. Anataka saini yangu Jumatatu. Naombeni ushauri: nitie saini, nikatae, au kuna njia ya tatu?

Mzee_wa_Mikindani

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kazi hiyo hiyo, na ninakuambia kwamba umeshaijibu nusu ya swali lako bila kujua. Ramani ya mfano ni kitu kimoja na mpangilio wa kiwanja ni kitu kingine. Aliyechora ramani hakukiona kiwanja chako na hakutarajiwa kukiona. Kukiona ni kazi yako. Kwa hiyo usiende kwa mkuu wako ukisema ramani ina kasoro, maana hapo utakuwa umewagusa watu wasiokuwapo chumbani na yeye atalazimika kuwatetea. Sema unapendekeza namna ya kuilaza.

Wala usiseme kwa mdomo. Andika dokezo sabili, yaani andiko la ndani ya ofisi, la kurasa mbili, liingie kwenye jalada la mradi, ukurasa mmoja uwe mchoro. Mimi niliwahi kunyamaza kwenye jengo moja huko Lindi kwa sababu bosi wangu alikuwa na haraka. Bosi akahamishwa, mimi nikabaki na jengo, na kila masika nilipigiwa simu mimi.

Kuhusu hoja yenyewe: huku kwetu kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki katika miezi ya baridi, na kaskazi inakuja kuanzia Desemba hadi Machi. Ukuta mrefu wenye madirisha ukitazama kaskazini na kusini, unapata upepo wa misimu yote miwili, na jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi zisizo na madirisha. Waliojenga nyumba za zamani za mwambao walilijua hilo bila shahada.

Mkadiriaji_Kusini

Naheshimu maneno ya mzee, lakini dada, kabla hujazungusha kitu pima kwanza. Umesema ardhi inateremka kwenda mashariki. Maana yake jengo likilala kaskazini–kusini linafuata usawa wa ardhi, na ukiligeuza linaukata mteremko. Chukua mteremko wa asilimia nne tu: jengo la mita 30 linakuwa na tofauti ya mita 1.2 kati ya ncha na ncha. Hiyo ni mawe ya msingi, ni kifusi cha kushindilia, ni siku za mafundi, na makadirio yaliyokuja na ramani hayana fungu hilo. Hapo ndipo pendekezo lako zuri litakapokufa mbele ya kamati, kwa haki kabisa.

Korosho_Ghafi

Dada, tia saini uendelee na maisha. Mshahara ni ule ule.

Mzee_wa_Mikindani

Korosho, mwenzetu ana usajili chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, ile ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na usajili huo ni wake binafsi. Siku mambo yakiharibika, mkuu wa idara hataitwa kueleza saini ya mtu mwingine.

Nesi_wa_Nachingwea

Mimi si mtu wa majengo, ila hizo kuta ndizo ninazofanyia kazi. Mbona mnazungumzia majengo mawili kana kwamba ni moja? Wagonjwa wa nje hujaa asubuhi. Kufika saa nane wengi wameshaondoka. Jengo lao likitazama barabara, kibaraza cha mbele kitakuwa na kivuli wakati ule ule watu wanapopanga foleni, kwa hiyo liacheni kama lilivyo. Anayekaa saa ishirini na nne ni mzazi na mtoto wake. Geuzeni wodi peke yake.

Na tafadhali, mlango wa wodi uwe upande wa ardhi ya juu. Nimesukuma vitanda vya magurudumu kwenye njia za mteremko ambazo mchoraji alizibana ili zitoshe, na mama mwenye uchungu anashika kingo za kitanda kama yuko kwenye mashua.

Mkadiriaji_Kusini

Nesi ametuokoa. Wodi ya mita 18 kwa mteremko ule ule ni tofauti ya sentimita 72, jambo linalozungumzika. Ukiipindua ramani kama inavyoonekana kwenye kioo, mlango utaangukia magharibi, karibu na usawa wa ardhi, na hutahitaji njia ndefu ya mteremko. Kumbuka kwa uwiano wa 1:12, kila sentimita 60 za kupanda zinakula mita 7.2. Vipimo vya ndani havibadiliki, idadi ya milango na madirisha ni ile ile, kwa hiyo ramani haijaguswa. Nyongeza ni msingi wa ncha ya mashariki pekee. Ikokotoe, iandike kwa shilingi, uoneshe itatoka fungu gani.

Na ukishawishika kurefusha ukingo wa paa upande wa jengo la wagonjwa wa nje, funga kenchi kwenye mkanda wa zege ulio juu ya kuta kwa nondo, si kwa misumari peke yake. Kimbunga cha mwaka 1952 kiliipiga Lindi, na Aprili 2019 Kenneth kiliishia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Paa lenye ukingo mrefu hunyanyuliwa kirahisi. Waulize pia mafundi mchanga wanautoa wapi; wa ufukweni ukiingia kwenye zege, chumvi itaila nondo kimyakimya.

Binti_wa_Msangamkuu

Nimerudi kuwapa mrejesho. Sikutia saini Jumatatu. Nilipeleka dokezo la kurasa mbili kama mzee alivyoelekeza: jengo la wagonjwa wa nje libaki, wodi ipinduliwe na kugeuzwa, na gharama ya msingi iwekwe wazi. Aya ya nesi kuhusu foleni za asubuhi niliiweka mwanzoni kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyonibadilisha hata mimi. Nilikuwa nimejiandaa kupigania majengo yote mawili.

Mkuu wangu hakusema neno siku hiyo. Leo asubuhi jalada limerudi mezani kwangu, na chini ya dokezo ameandika kwa wino wa kijani: «Tukutane saiti Alhamisi saa mbili. Njoo na kamba na mpira wa maji wa kupimia usawa. Vigingi vya wodi ving'olewe tukiwepo.»