Kugeuza ghala la chini kuwa chumba, Mji wa Kale, Mombasa: kibali na cheti napataje?

Mwana wa Kuze: Asalaam aleikum. Nyumba yetu ya urithi iko Kuze, ya mawe na boriti. Ghala la chini nalifanya chumba cha mama, ngazi zimemshinda. Fundi ashatoboa dirisha upande wa njia, ati kazi ya ndani haina kibali. Kweli? Na cheti cha kuhamia hutoa nani?

Fundi Ganjoni: Waaleikum salaam, dada. Mwambie aweke nyundo chini. Dirisha la njiani si kazi ya ndani! Hapo ni eneo la hifadhi: anza na ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa, kisha michoro ipelekwe kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 yataka kibali kabla ya kazi. Cheti hutoka kaunti, mwisho, baada ya ukaguzi.

Mwana wa Kuze: Na boriti moja imeoza ncha, pale inapoingia ukutani.

Fundi Ganjoni: Hiyo yanitisha kuliko makaratasi. Muite mhandisi aliyesajiliwa aione kabla haijafunikwa.

Bi Kibokoni: Na ukuta upake chokaa, shoga. Saruji hufungia unyevu, plasta ikabambuka yote.