Tupeane uzoefu: kesi za sheria kwenye poka ya sebuleni, mnaamuaje?

Mgawa_Karata
Wakuu, poka ya nyumbani haina refa. Anayegawa anacheza, mwenye nyumba anacheza, kesi ikizuka kila mtu ana lake. Leteni kesi na hukumu yake. Naanza na hii isiyoisha: blaindi (dau la lazima la kuanzia) 100/200, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ishafunuliwa, wa kwanza kabeti (kaweka dau) 600, wa pili kimya kasukuma chipu moja ya 1,000. Hiyo ni koli (kulingana na dau lililopo). Anarudishiwa 400. Anayetaka kurezi (kuongeza dau) atamke kabla chipu haijagusa meza.

Bibi Shupaza
Hapo hapo! Wanakuja na "nilikusudia". Kusudio liko moyoni, chipu iko mezani.

Kete Moja
Na akiweka chipu ndogondogo zenye jumla ya 900?

Mgawa_Karata
Rezi ya chini hapo ni kufikisha 1,200. Huyo kavuka 600 kwa 300, yaani nusu ya rezi imetimia, basi analazimika kujazia afike 1,200. Angeweka 850 ingekuwa koli, anarudishiwa 250.

Riva Chungu
Mmegusa penyewe, ila kesi nzito ni ya mdomo. Meza ya mwisho, wamebaki wanne. Karata tano za wote mezani ni ree ya kopa, nane ya pau, nane ya uru, tano na mbili za shupaza. Wa kwanza kaingiza zote, 14,000. Wa pili ana ree na kumi, kashika karata zake kwa vidole viwili, anafikiri. Wa tatu, aliyekwisha kutupa, anajishika kichwa: "Jamani, nilikuwa na nane!" Basi. Wa pili akakoli. Wa kwanza alikuwa na mfalme na bibi, hana kitu, katoka.

Ugomvi ukawaka. Aliyetolewa anadai mkono (mgao huo mmoja) ufutwe, maana nane moja ikishajulikana iko kwenye karata zilizotupwa, hofu ya nane tatu inapungua sana. Anachosema ni kweli kabisa. Mwenye nyumba akataka amani, akagawa chipu nusu kwa nusu. Hapo ndipo palipoharibika! Aliyeshinda kihalali akanyang'anywa, na mwenye kosa akabaki kakaa na chipu zake zote.

Hukumu yake: karata zilizofunuliwa ndizo zinazoamua, mkono unabaki ulivyo. Adhabu ni ya aliyeropoka. Anakaa nje raundi moja, yaani mkono mmoja kwa kila aliye mezani. Wamebaki watatu pamoja naye, kwa hiyo ni mikono mitatu. Karata zake zinagawiwa na kuuawa (zinatupwa bila kuchezwa), blaindi zake zinakatwa kama kawaida.

Dada wa Flopu
Raundi yote kwa neno moja? Kwetu anatozwa chipu 1,000, mchezo unaendelea.

Riva Chungu
Dada, faini ya chipu haina usawa. Mwenye 40,000 haoni kitu, mwenye 4,000 umemkata robo.

Dada wa Flopu
Na blaindi zikifika 1,000/2,000, huyo wa 4,000 ukimweka nje raundi si umemmaliza?

Bibi Shupaza
Dada kasema kweli. Ndiyo maana unaanza na onyo, tena kwa sauti, meza yote isikie. La pili mkono mmoja, la tatu raundi. Kuficha karata au kusaidiana kwa siri hakuna onyo: anatolewa, chipu zake zinaondolewa mezani, hagawiwi mtu.

Kete Moja
Aliyeropoka kwenye oli-ini (chipu zote ndani) ya watu usimpe onyo mama. Raundi moja kwa moja.

Mzee wa Batani
Mmesahau makosa ya anayegawa. Flopu imefunuliwa kabla mtu hajamaliza kubeti: ile karata iliyochomwa (iliyowekwa kando kifudifudi kabla ya kufunua) inabaki imechomwa, tatu za flopu zinarudi kwenye pakiti, unachanga, watu wanamaliza kubeti, unafunua tatu nyingine bila kuchoma tena. Wengi wanachoma mara ya pili. Na hapo hakuna wa kuadhibiwa.

Bibi Shupaza
Ya karata ya nne je?

Mzee wa Batani
Iweke pembeni. Kubeti kukiisha, unachoma na kufunua ile ambayo ingekuwa ya tano, hiyo ndiyo ya nne. Kisha ya pembeni inarudi, unachanga, unafunua ya tano bila kuchoma.

Dada wa Flopu
Nani aamue lakini? Sisi tunapiga kura.

Mgawa_Karata
Kura hapana. Kila mtu atampigia rafiki yake. Taja mwamuzi na msaidizi kabla ya karata ya kwanza. Mwamuzi akiwa ndani ya mkono wenye kesi, msaidizi anaamua. Sisi tunafuata sheria za TDA, chama cha waongoza mashindano kilichoanzishwa 2001 huko Marekani. Tumezichapisha, zinakaa chini ya sahani ya karanga.

Kete Moja
Mkuu, tupia hapa picha ya ukurasa wa adhabu. Ijumaa tuna meza mbili.