Tupeane uzoefu: besi ya nyuzi tano ya bei ya kawaida, inayopiga kila kitu. Yako uliipataje?

Mpiga_Mapambio

Wakuu, habari za jioni.

Napiga besi kwenye kwaya, huu mwaka wa saba, na Jumamosi nashika nafasi kwenye bendi ya harusi. Gitaa langu ni la nyuzi nne na lilinitosha mpaka tulipopata mpiga kinanda mpya. Huyu kijana anaanzisha pambio kwenye E flati kwa sababu ndipo sauti za akina mama zinapokaa vizuri, halafu kiitikio kikishika moto anabonyeza kitufe cha kinanda, wimbo mzima umepanda. Yeye vidole viko palepale. Mimi E flati ya chini sina, uzi wangu mnene unaishia E. Nakimbilia freti (vile vyuma vya shingoni) ya sita ya uzi wa A, na pale ambapo besi ilitakiwa kutua, inaelea. Mwalimu wa kwaya hana habari na mambo ya freti, lakini Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mbona besi leo iko juu juu?"

Bajeti ni laki nane, nikijikamua tisa. Nataka moja tu ya nyuzi tano, yenye uzi wa B chini ya E, ya kupiga mapambio, zilipendwa, reggae na sebene. Orodha za "besi kumi bora" nimezisoma za kutosha. Namtaka aliyetoa hela yake mfukoni aniambie alinunua nini na alipigwa wapi. Mada hii ni ya besi za nyuzi tano tu, wa magitaa ya solo mtusamehe.

Chuma_Ndani

Mkuu, mimi ya kwanza niliinunua kwa macho. Kariakoo, umeme umekatika, gitaa la bluu linang'aa kama pikipiki mpya, kichwani limeandikwa jina la kufanana na jina kubwa. Laki nne na ishirini. Nyuzi nyingine nne zilikuwa sawa tu. Huo wa tano sasa, B yenyewe! Ukiupiga unasikia "bwoooo", haijulikani kama ni B, ni C, au ni jenereta la jirani.

Nilikuja kuelewa baadaye. B tupu inatetemeka kama mara 31 kwa sekunde, E ni 41. Uzi unaotembea polepole hivyo usipokuwa mnene na ukavutwa ipasavyo, unalegea kama kamba ya kuanikia. Besi nyingi urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 34. Zipo za inchi 35 zilizotengenezwa makusudi ili B ikaze, ila kwa laki nane utakutana na 34, na 34 iliyotengenezwa vizuri haina shida yoyote.

Kwa hiyo dukani anza na B. Usianze na rangi, wala usianze na ile slapu, kugonga nyuzi kwa kidole gumba, ya kujionyesha kwa muuzaji. Piga freti ya tano ya B, halafu piga E tupu. Ni noti moja hiyo. Zikisikika kama ndugu wa tumbo moja, endelea na ukaguzi. Moja ikiwa na sauti na nyingine ikiwa tope, rudisha gitaa ukutani.

Kama hakuna umeme, kuna njia. Lile pembe la juu la mwili wa gitaa, bandika sikio hapo kwenye mbao, kisha piga. Utasikia kila kitu, hata skrubu iliyolegea. Wateja watakuona chizi, ila laki nne yangu ingekuwa salama ningelifanya hilo siku ile.

MamaBesi_Nakuru

Hapo kwa B umesema ukweli. Mimi nitaongeza jambo ambalo wanaume huwa hawaliongei: mkono.

Mimi nina vidole vifupi. Kanisani kwetu walikuwa wananisukuma nichukue Yamaha TRBX305, na ni besi nzuri, sina neno. Lakini pale darajani, nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, kutoka uzi hadi uzi ni milimita 18. Nikashika Ibanez GSR205, nafasi ni milimita 16.5. Ukiandika hiyo tofauti kwa karatasi ni kama hakuna kitu. Kwa mkono, baada ya ibada ya saa tatu, ni kama kutembea na viatu vyako na kutembea na vya dada yako.

Nilichukua hiyo Ibanez, imetumika, shilingi elfu ishirini na nane za Kenya, na imenipeleka mwaka wa nne. Slapu kwayo ni ngumu kidogo, kidole gumba kinagonga nyuzi mbili. Mimi sipigi slapu. Wewe wa harusi, fikiria.

Halafu ukiwa dukani vaa mkanda, simama wima, achilia mkono wa kushoto. Besi za nyuzi tano zina kichwa kizito, funguo tano badala ya nne. Kichwa kikianza kushuka kuelekea sakafuni, ujue kila wimbo utakuwa unapiga huku umebeba.

Kisauni_82

Wallahi mimi nawashangaa. Laki nane ya nini ndugu yangu? Nunua seti ya nyuzi tano, utupe ule mwembamba wa G, hizo nne zilizobaki ufunge kwa gitaa lako ulilo nalo: B, E, A, D. Ushapata E flati yako, freti ya nne. Mimi napiga mahotelini Pwani miaka na miaka, wageni wacheza, mwenye hoteli alipa. Nyuzi nne zatosha.

Chuma_Ndani

@Kisauni_82 shikamoo mzee. Inawezekana, na kwa mwenye elfu sitini tu ndiyo njia. Ila mwambie na upande wa pili. Uzi wa B una unene wa 130, kwa elfu za inchi, na ile njia pale kichwani ilichimbwa kwa uzi wa E wa 105, hauingii mpaka ichongwe. Mimi nilichongewa na fundi wa kuchomelea vyuma, kwa zile sindano zenye meno za kusafishia mdomo wa tochi ya gesi ya kuchomelea. Alifanya polepole kama anachonga jino. Lakini ukichimba ukapitiliza, uzi unakwaruza freti ya kwanza, na hapo hakuna kurudi nyuma. Halafu huyu ndugu anapiga sebene. Bila uzi wa G atachekea wapi?

Kisauni_82

Marahaba. Hilo la G nakubali. Lakini nyote hamjasema habari ya chumvi. Sisi huku gitaa lala usiku mmoja dirisha wazi, asubuhi nyuzi zina kutu. Kila ukimaliza kupiga pangusa kwa kitambaa kikavu, uzi mmoja mmoja, juu na chini. Seti ya tano si bei ya seti ya nne.

Sufuria_ya_Nyuzi

Bei ya seti ndiyo inayotuua. Mimi nachemsha. Nyuzi zikifa natoa zote, nazikunja duara, sufuria ya maji, dakika kumi, nazikausha kabisa ndipo nazirudisha. Mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, sauti inarudi kwa wiki mbili hivi. Uwe na sufuria yako. Mke wangu alipika uji wa mtoto kwenye ile sufuria bila kujua, mpaka leo tunalizungumza.

Tisa_Volti

Hapa tuzungumze umeme wa gitaa, maana watu wananunua bila kujua tofauti.

Ziko besi zenye betri na zisizo na betri. Zenye betri zina kisanduku cha kuongeza besi, kati na kali ndani ya gitaa lenyewe, na kwa anayepiga kila aina ya muziki ni raha sana. Shida ni kwamba ukichomeka waya tu betri inaanza kuliwa, hata kama gitaa limelala kwenye stendi.

Mkesha wa Pasaka, mwaka siutaji. Nimeacha waya umechomekwa tangu mazoezi ya Alhamisi. Saa saba usiku, pambio limekolea, besi ikaanza kukoroma, ikakohoa, ikazima. Ile betri ya mraba ya volti 9 haiuzwi saa saba usiku. Nikatazama huku na huku, nikamwona mchungaji amekaa, ameweka maiki yake isiyo na waya mezani. Sisemi zaidi. Alipokuja kuhubiri alihubiri kwa sauti yake mwenyewe na watu walibarikiwa.

Kosa lilikuwa langu, gitaa halina hatia. Ila tangu siku ile nauliza swali moja: betri ikifa, gitaa bado linalia? Sire V7, ile waliyoitengeneza pamoja na Marcus Miller, ina swichi ya kuhama kutoka kwenye betri, lakini mpya inapita bajeti yako. Yamaha BB235 haina betri kabisa, pikapu zake mbili ni za aina mbili tofauti: ya kati inatoa ile sauti nene ya zilipendwa, ya nyuma inauma. Kwa mtu wa harusi mimi ningeanzia hapo. (Pikapu za gitaa jamani, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, si za kubebea matofali. Kuna mtu aliniuliza.)

Kutoka_Doha

Mimi niliipata Doha, kwa Mfilipino aliyekuwa anamaliza mkataba anarudi kwao. Kama una ndugu Ghuba mwambie aangalie hapo hapo: wanamuziki wa mahotelini wanaondoka kila siku na hawataki kubeba. Ibanez SR305E, riyali 900, ina mikwaruzo mgongoni tu.

Tatizo likawa kuisafirisha. Shingo ya gitaa hili imefungwa kwa skrubu, basi nililegeza nyuzi zote, nikafungua shingo, nikaiviringisha kwenye kikoi, mwili nikaufunga na mashuka, vyote vikaingia kwenye sanduku moja. Skrubu nilizitia kwenye bahasha.

Kurudisha kuna adabu yake. Usikaze moja kwa moja. Zungusha skrubu kinyume kwanza, taratibu, mpaka usikie "tik", imedondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukilazimisha unachimba njia mpya kwenye mbao, na shingo haitashika tena. Nilipofunga nyuzi shingo ilikuwa imekaa bapa, fundi akazungusha kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, ikatulia kesho yake.

Kingine, kutyuni B kwa simu mara nyingi simu haiisikii, inarukaruka. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, ile sauti nyembamba ndiyo simu inaikamata.

Sebene_Goma

Wandugu, mimi nisemee sebene, maana naona mnapita juu yake.

Besi ya sebene haishiki noti, inaikata. Unapiga, unaua, unapiga, unaua, na mchezaji anacheza kwenye ile nafasi uliyoacha. Sasa ukija na nyuzi tano, ule wa B unalia wenyewe chini wakati unapiga A au D, kwa sababu mbao inatetemeka. Watu wanasema "gitaa hili lina matope", kumbe ni mkono. Kidole gumba cha kulia usikiache kwenye pikapu. Kikae juu ya B. Ukishuka kwenye A, gumba linashuka linalala juu ya B na E pamoja. Mwezi mmoja wa mazoezi, unasahau kama ni kazi.

Kwa hiyo kwa sebene nataka pikapu mbili na kila moja na kitufe chake, nifungue ya nyuma zaidi. Reggae nageuza: ya mbele peke yake, ukali wote nafunga. Kila kitu kati ya hapo ni cha harusi. Na B siitumii sana. Mara moja, mwisho wa mzunguko, nashuka D ya chini, waimbaji wanageuka kunitazama.

Mpiga_Mapambio

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, Mungu awabariki, pamoja na mwenye sufuria.

Nilikwenda Dar juzi. BB235 niliyoahidiwa kwa simu ilikuwa "imetoka jana". Duka la pili nikabandika sikio kwenye mbao kama nilivyoelekezwa. Muuzaji akamwita mwenzake aje aone. Mbili nilizirudisha ukutani. Ya tatu ilikuwa TRBX305 iliyotumika, freti zimelika kidogo pale wapiga mapambio wote tunapoishi, freti ya tatu hadi ya saba. B na E zilikuwa ndugu kabisa. Alisema laki tisa na nusu, tukaonyeshana zile freti, tukamalizana laki saba na themanini. Ina swichi ya sauti tano zilizopangwa tayari, natumia mbili. Ni ya betri, nimenunua betri tatu na nimebandika karatasi kwenye begi: CHOMOA WAYA.

Nyuzi mpya na fundi zimekula laki moja. Hiyo sikuwa nimeipigia hesabu.

Sasa jana mazoezini. Miaka saba mkono wangu unajua uzi wa juu kabisa ni E. Mpiga kinanda kaanza, nami nikaingia kwa nguvu zote kwenye E, kumbe nimepiga B, tena kwa spika kubwa. Soprano wakanyamaza. Mwalimu wa kwaya akanitazama kwa muda, akasema, "Leo iko chini mno."

Keshokutwa kuna harusi. Nabeba zote mbili.