Naomba ushauri, mdogo wangu kaifanya AI ndo kadhi wa mirathi

Habari zenu wakuu. Baba katangulia mbele za haki, katuacha na mama, wa kiume wawili na dada mmoja, na shamba. Shekhe kapiga hesabu, mama 1/8 yake kwanza, kinachobaki mafungu 5, sisi mawili mawili, dada moja. Sasa mdogo wangu kaiuliza AI ya kwenye simu ikamwambia haki ni kugawana sawa, basi hasikii la mtu. Mimi nikaiuliza kivingine ikasema shekhe yuko sahihi! Nimemuonyesha, kagoma. Kumuongezea dada kwenye fungu langu nipo tayari kabisa, ila kinachonisumbua ni hiki kitu kinachopanga maneno kutokana na maandishi ya watu, ambacho hakitaulizwa siku ya kiama, kutuamulia haki. Je, nakosea kukikataa? Na nimwambieje bila kuvunja undugu, mama anaumia.