ASIO4ALL, WASAPI au draiva ya kampuni: ipi haikatizi sauti?

MwanaKisauni: Salamu wakuu. Narekodi qaswida nyumbani. Laptopu ni Windows 10, RAM giga 8, intafesi ya USB (kile kisanduku cha kuchomekea maikrofoni), programu ya kurekodia ni Reaper. Bafa, ile akiba ya sampuli za sauti zinazosubiri prosesa, ikiwa 128, sauti yatatarika kama mafuta ya viazi karai. Nikipandisha 1024, mwimbaji ajisikia kwenye hedifoni akichelewa nyuma ya mdundo wa dafu. Draiva ipi, yaani programu ya kuunganisha intafesi na Windows, itaniokoa?

FundiLikoni: Piga hesabu kwanza. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.7, ya 1024 ni 21. Hapo ni sauti kuingia kwenye kompyuta tu. Ongeza kutoka, wapita 40. Hakuna mwimbaji atakayevumilia hiyo.

Intafesi ikiwa na draiva yake ya ASIO (njia ya kupitisha sauti haraka) kutoka kwa kampuni, weka hiyo. ASIO4ALL si draiva ya kifaa, yakaa tu juu ya ile ya Windows. Yafaa kwa kadi ya ndani ya laptopu.

BintiMajengo: Msiidharau WASAPI jamani, njia ya sauti ya Windows yenyewe, iko ndani ya Windows tangu Vista, hupakui kitu. Mimi naitumia kuhariri podikasti, ile hali ya kushika kifaa peke yake. Ukiiwasha, YouTube yanyamaza, lakini bafa yashuka vizuri. Kwa kurekodi waimbaji, sawa, namwachia Fundi.

MzeeWaMiksa: Mwabishania draiva na huenda mkosaji ni waifai! Washa LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, uiache dakika chache, itakuonyesha draiva inayoizuia prosesa. Zima waifai, chomoa habu ya USB, intafesi iingie kwenye laptopu yenyewe, na umeme uwe kwenye hali ya nguvu kamili. Na tafadhali usiiweke laptopu kitandani. Kwa joto letu la Februari, prosesa ikichemka yajipunguzia kasi.

Tena intafesi nyingi zina swichi ya kusikiliza moja kwa moja. Mwimbaji ajisikia bila sauti kupita kwenye kompyuta, na bafa waweza kuacha hata 512. Ila hatapata rivabu (ule mwangwi wa kupamba sauti) masikioni, na waimbaji wetu bila rivabu hununa.

MwanaKisauni: Draiva ya kampuni, 256, waifai imezimwa: imetulia. Yakwaruza tu nikiwasha plagini (kiprogramu cha ndani ya Reaper) ya rivabu.

FundiLikoni: Hiyo yala prosesa. Tafuta rivabu nyepesi ya kurekodia. Ukifika kumiksi, panda 1024 uiweke ile nzito, kwani hapo hakuna anayeimba.