Ryzen 9 7950X, chumba hakina AC: nipoze kwa feni au maji?

Renda_Usiku
Wakuu, salaam. Naunganisha mashine ya Blender (programu ya picha za 3D), prosesa ni Ryzen 9 7950X. Niko Dar, chumba mchana kinafika nyuzi 31 au 32, na renda moja (kompyuta kukokotoa picha za mwisho) huenda saa tano mfululizo. Kasha linapokea hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) isiyozidi kimo cha mm 160, na juu lina nafasi ya rejeta ya mm 360. Nichukue hitisinki ya feni, Peerless Assassin 120 SE, au mfumo wa maji? Bei zimeachana mno.

Nyaya_Tupu
Maji ya 360, usijiulize mara mbili. Hiyo prosesa inavuta hadi wati 230.

Grisi_Kidogo
Sikubaliani na mkuu hapo juu. Sifa ya maji ni kuchelewa kupata moto. Kazi ya dakika mbili tatu yanaimeza bila feni kushtuka. Renda ya saa tano ni habari nyingine: maji yakishapata moto, kinachofanya kazi ni ukubwa wa rejeta na feni zake tu. 360 bado inashinda, ila si kwa kiasi cha ile bei.

Pili, usiogope ukiona nyuzi 95. 7950X imeundwa ipande mpaka hapo, kisha ijipunguze kasi yenyewe. Joto la chumba chako utaliona kwenye megahezi, si kwenye nyuzi.

Ningefanya hivi: ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), menyu ya Precision Boost Overdrive, washa Eco Mode ya 105W (hali ya kubana umeme; 105 ni jina tu). Kikomo kinashuka kutoka wati 230 hadi 142, na renda inachelewa kidogo tu, kwa sababu wati zile za juu zinakupa megahezi chache sana. Wati 142 hitisinki ya minara miwili inazimudu.

Angalia RAM. Hiyo hitisinki ina kimo cha mm 155, lakini RAM ndefu zenye mataa zinailazimu feni ya mbele ipande. Ikipanda mm 8 tu, umefika 163 na kifuniko cha pembeni hakifungi. Nunua RAM fupi.

Kwenye AM5 (soketi ya prosesa hii) fungua vile vishikio viwili vya plastiki tu, bati la nyuma ya mazabodi (bodi kuu) liache. Grisi ya kupitisha joto: tone katikati, vitone vinne pembeni. Bandua nailoni iliyo chini ya hitisinki (hii husahaulika kila siku), halafu kaza skrubu kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule.

Nyaya_Tupu
Sawa, kwa Eco Mode nakuunga mkono. Akichukua maji, basi rejeta ikae juu, pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko. Hewa hupanda, ikikaa kwenye pampu utasikia inagugumia, na haitadumu. Waya wa pampu uende kwenye tundu la AIO_PUMP la mazabodi, kasi asilimia 100.

Renda_Usiku
Shukrani wakuu. Na mashine ikisafirishwa Mwanza kwa basi?

Grisi_Kidogo
Ng'oa hitisinki kabla. Ule uzito ukining'inia pembeni barabara nzima unaweza kupinda mazabodi. Kabla ya kung'oa, washa prosesa ifanye kazi dakika kumi grisi ilainike, zima, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia ndipo uinyanyue. Beba bomba la grisi, ya zamani haitumiki tena.