Mbao za uzio zinafaa kwa meza ya kusafishia samaki?

Swali: Habari zenu, ndugu. Natengeneza meza ya kuparia na kupasulia samaki, itakayokaa nje na kuoshwa kwa maji ya bahari. Nina mbao zilizobaki za uzio, zile zilizotiwa dawa ya mchwa. Je, zinafaa kuwa uso wa meza?

Jibu la 1: Usizitumie kabisa mahali samaki wanapogusa. Baadhi ya dawa za kuhifadhia mbao zina shaba, kromiamu na aseniki, na kisu kinapokwangua uso huo, chembe zake huweza kuingia kwenye minofu. Hata ubao usio na dawa hufyonza damu na ute, nao vijidudu hujificha nyufani.

Jibu la 2: Naafiki. Mimi ningechagua plastiki nzito ya polietilini inayoruhusiwa kwa vyakula, ileile ya vibao vya kukatia, kwa kuwa hainyonyi maji wala haimalizi makali ya kisu. Hukwaruzika, ni kweli, lakini uso wake waweza kupigwa randa ukawa laini tena. Kwa kuwa hutanuka juani, matundu ya skrubu yawe mapana kidogo.

Jibu la 3: Ukipendelea chuma cha pua, ulizia aina ya 316, ambayo ina molibdenamu na hustahimili chumvi kuliko 304. Mabati yaepuke, maana zinki huyeyuka ikiguswa na ndimu. Hata hivyo, kibao cha plastiki utakihitaji juu ya chuma hicho, la sivyo utanoa kisu kila mara.